Nyemo, Kabla Hujawasha

Kabla hujawasha, futa kioo kwa khanga ile ya kijani,
si kwa kiganja. Vumbi la Kibaigwa lina pumba
na mchanga wa barabara kuu; linakwaruza.
Kisha subiri. Mashine hii huamka kama punda wa Pandambili:
ukiipiga, inakaa.

Kivinjari kikifunguka utakuta ukurasa mtupu.
Hakijaharibika. Nimekivua mwenyewe
habari za wasanii, nyota za wiki, dawa za kitambi,
vyote vilivyokuwa vikimrukia mteja usoni
kabla hajasema shida yake.
Anayeingia hapa tayari ana jambo kichwani.
Mwache aanzie kwenye weupe.

Chini ya anwani kuna mstari wa alamisho.
Nimezipa majina ambayo watu huyatamka mlangoni:
Matokeo. Cheti cha Mtoto. Bei ya Leo.
Ile ya Mnadani ni ya madalali,
wanaokuja saa moja asubuhi na simu mbili mbili
na hawasalimii.

Mzee Chilongani hataki miwani.
Akikaa, shika Kontro, gonga alama ya kujumlisha mara nne,
herufi zinone. Akiondoka, Kontro na sifuri,
la sivyo mwalimu Foibe atadhani unamcheka.

Vichupo usivilimbikize.
Msimu wa maombi ya vyuo nilifikisha thelathini na saba,
vimebanana hadi kila kimoja kimebaki na herufi moja ya jina.
Mashine ikaganda, na fomu ya kijana wa Mlali ndani yake,
imebaki picha tu mbele kidogo.
Alilia nje, karibu na mizani, akidhani simwoni.
Tangu siku ile: mtu mmoja, kichupo kimoja.
Na ukikifunga kwa bahati mbaya,
Kontro, Shifti, T, kitafufuka.
Ujanja huo niliujua wiki moja baadaye.

Bando likikaribia kuisha, ingia kwenye mipangilio, zima picha.
Maneno peke yake ni mepesi,
yanafika hata upepo ukiutikisa mnara.

Kikikuuliza, Nihifadhi nenosiri? jibu, Kamwe.
Kinauliza kwa adabu,
kama mgeni anayeomba kulala siku moja.
Wenye mambo ya benki wafungulie lile dirisha jeusi lisilokumbuka.

Sasa hili ndilo nililokuitia.
Andika herufi moja tu kwenye anwani, usimalize.
Kivinjari kitakumalizia kwa kinywa cha mji mzima:
d, dalili za kisukari mguuni.
k, kudai talaka bila mashahidi.
m, mkopo bila dhamana,
mkopo bila dhamana,
mkopo bila mume kujua.
Mteja anayefuata atasoma,
na Kibaigwa si kubwa hivyo;
atahesabu waliokalia kiti hiki tangu asubuhi
na atapata jibu kabla hajafika sokoni.
Kwa hiyo futa historia kila jioni.
Nimekiamuru kijifute chenyewe kikifungwa,
lakini hakikisha kwa macho,
kama unavyorudi kutazama jiko ulilokwisha kulizima.

Mwisho wa ule mstari
kuna alamisho moja isiyo na jina.
Nilikuwa naifungua wateja wakiisha,
tumbo likigusa meza.
Ni orodha ya majina ya watoto, ndefu kama reli,
na sijaona hata moja la Kigogo.
Nimeisoma hadi P.
Usiifute. Wala usiipe jina.

Nikijifungua nitakupigia.
Ufunguo anao Masinga wa mbolea.
Wino mweusi umebaki robo;
wa rangi usimchapie mtu kwa mkopo.